Thelathini Elfu na Thelathini na Moja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanafunzi niliowafundisha miaka yote hiyo watakwambia hivyo bila kuombwa. Lakini hasira iliyonitia aibu kuliko zote nilimtolea binti mmoja wa darasa la sita, asubuhi ya mvua, katika shule ya msingi jirani na Lukozi, kwa sababu ya namba. Namba yenyewe naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ilikuwa 30,031.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, serikali ilipoamua kwamba kila mtoto lazima aingie shule, na walimu hawakutosha. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukakabidhiwa chaki, tukaambiwa tufundishe asubuhi, na mchana tusome ualimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baadhi ya wanafunzi wangu walinizidi urefu, na mmoja alikuwa na ndevu.

Mwisho wa mafunzo kulikuwa na mtihani wa vitendo. Mkaguzi anakuja kutoka wilayani, Lushoto, anakaa nyuma ya darasa na fomu yake, anakutazama ukifundisha kipindi kizima. Ukifaulu, unapata cheti cha ualimu. Ukishindwa, unarudia mara moja tu. Ukishindwa tena, unarudisha chaki na kwenda zako.

Mara ya kwanza nilishindwa. Mkaguzi wa safari ile aliandika kwamba nafundisha bila zana, na kwamba wanafunzi wananitazama mimi badala ya kulitazama somo. Nilisoma maneno hayo nikatamani kumrarulia fomu yake. Baadaye nikalala siku mbili nimegeukia ukutani, mama ananiletea uji, nauacha unaganda.

Na si kwamba sikuwa na pa kwenda. Dada yangu mkubwa alikuwa mchumaji kwenye shamba la chai upande mwingine wa milima, akiishi kwenye kambi pamoja na watu wa kila kona ya nchi, na alikuwa ameshaleta salamu kwamba msimamizi amenikubalia nafasi. Hakuwa na nia mbaya, maskini, alifikiri ananiokoa. Lakini kila alipokuja nyumbani Krismasi niliviona vidole vyake, vyeusi kwa utomvu hadi kwenye kucha, vimepasuka, na ibadani alikuwa akivificha chini ya kitabu cha nyimbo. Mimi sikuitaka kazi ile. Nilitaka ualimu, na niliutaka kwa nguvu kiasi kwamba niliona haya hata kusema mbele ya watu.

Basi mara ya pili nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Somo lilikuwa aina za namba: shufwa na witiri, vigawo, na namba tasa. Zana nilizipata palepale nilipolelewa, yaani sokoni.

Mama yangu aliuza mapeasi, na viazi msimu wa mapeasi ulipokwisha. Asiyejua soko la milimani kwetu aelewe jinsi mama alivyofanya kazi. Hakupima kwa mizani. Alitandika gunia, akapanga mapeasi kwa mafungu yaliyo sawa, matano matano au saba saba. Lakini kabla hajapanga, alihesabu yote kwanza, akawaza ukubwa wa fungu. Maana yale yanayobaki nje ya mafungu hayauzwi. Yanabaki pembeni, na mteja wa kwanza atakayesema "mama, niongeze" anapewa. Hiyo ndiyo nyongeza, na kumnyima mteja nyongeza huku anaiona pembeni ni uchoyo ambao soko zima litausimulia. Kwa hiyo mwanamke mwenye akili alitafuta ukubwa wa fungu utakaoacha nyongeza chache kabisa, na akipata usioacha hata moja alitabasamu peke yake.

Darasani nikafanya vivyo hivyo kwa kokoto. Kumi na mbili zinapangika kwa mafungu ya mbili, ya tatu, ya nne, ya sita. Kumi na saba hazipangiki kwa namna yoyote, labda uweke kokoto moja moja, au zote kumi na saba fungu moja. Namba yenye tabia hiyo, nikawaambia, ndiyo namba tasa. Watoto wa Lukozi wote mama zao ni wauzaji au wakulima wa mboga. Walinielewa kabla sijamaliza sentensi. Kwa wiki tatu nililala usingizi mzuri.

Siku ya mtihani ukungu ulikuwa mzito, bendera ya shule haikuonekana ilhali mlingoti ulionekana. Mkaguzi alifika kwa pikipiki, amevaa koti refu la mvua, mkoba wa ngozi umefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, na viatu vyake alivifuta kwa majani kabla ya kuingia darasani. Mwalimu mkuu alimtembeza kama anamtembeza bwana harusi.

"Shikamoo, Ndugu Mkaguzi," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Fundisha tu kama siku zote. Mimi sipo."

Hakuna uongo mkubwa unaosemwa shuleni kuliko huo. Alikaa nyuma kabisa, na kijasho chembamba kikaanza kunitoka ingawa baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kung'ata masikio.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri hadi nikaanza kujipenda. Tulipanga kumi na tano, tukapanga ishirini na tatu. Niliwapa tisini na moja kwa makusudi, maana kila mtu hudhani ni tasa, na kijana wa ndevu akasimama akasema zinapangika kwa mafungu saba ya kumi na tatu kumi na tatu. Nilimwona mkaguzi akitikisa kichwa kwa kuridhika. Moyoni nikamuaga dada na chai yake.

Ndipo akasimama. Alikuja mbele polepole, akachukua chaki mkononi mwangu, akasema, "Mwalimu, kokoto ni nzuri kwa namba ndogo. Tuone kama wanaijua namba hata isipoingia mfukoni." Akaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa: 30,031.

"Ni namba ya aina gani hii?"

"Witiri, mzee!" darasa zima.

"Kwa nini?"

"Inaishia na moja!"

"Vizuri. Inagawanyika kwa tatu?"

Hapo nilitulia. Nilikuwa nimewafundisha kujumlisha tarakimu: tatu na sifuri na sifuri na tatu na moja ni saba, saba haigawanyiki kwa tatu, mwisho wa habari. Binti mmoja mrefu wa dawati la tatu, ambaye mama yake aliuza viazi karibu na mama yangu, akanyoosha mkono. Lakini hakujumlisha chochote. Aligawanya kichwani, na akagawanya sawasawa.

"Mafungu matatu, mzee, kila fungu elfu kumi na kumi. Nyongeza moja."

"Kwa hiyo inagawanyika au haigawanyiki?"

"Inagawanyika," akasema. "Moja anaongezewa mteja."

Mkaguzi aliligeukia darasa. "Wangapi wanakubaliana naye?"

Mikono arobaini na miwili ikainuka. Darasa langu lote, pamoja na yule wa ndevu.

Mkaguzi hakuishia hapo. Akawauliza kwa tano: elfu sita na sita, nyongeza moja, inagawanyika. Kwa saba: elfu nne mia mbili tisini, nyongeza moja, inagawanyika. Walikuwa wanajibu kwa furaha, wepesi, wananitazama ili niwasifu. Na mimi nikaelewa nilichokifanya. Kwenye kokoto kumi na saba, kokoto mbili zinazobaki zinaonekana, zinakukera. Lakini kwenye mapeasi thelathini elfu, peasi moja ni nini? Hakuna mama hata mmoja wa soko letu ambaye angeliita hilo tatizo. Niliwafundisha hesabu kwa soko, na wao wakalichukua soko lote, na ukarimu wake humo humo.

Mkaguzi alirudi kwenye dawati lake, akafungua fomu, akaandika mstari mmoja mrefu. Niliona mkono wake ukienda na kurudi. Nikajua ni nini kinaandikwa, au nilidhani najua.

Nikasema kwa sauti iliyopasuka, "Kwenye hesabu hatumwongezei mtu! Ikibaki hata moja, haigawanyiki!" Watoto wakanitazama kwa mshangao kabisa, kama niliyewatukania mama zao.

Mkaguzi hakuwa mkatili. Alisimama tena, akanisaidia, na msaada wake ulikuwa mzuri mno hadi nikasahau kwa muda kwamba ananifelisha. Aliandika ubaoni 2, 3, 5, 7, 11, 13. "Hizi ni namba tasa sita za mwanzo," akasema. "Zizidishe zote kwa pamoja. Unapata 30,030. Hiyo inagawanyika kwa kila mojawapo, sivyo? Sasa ongeza moja. Ukigawanya kwa mbili inabaki moja. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa kumi na tatu, inabaki moja ileile. Hii namba niliitengeneza mwenyewe, ndiyo maana naipenda. Hakuna kitakachoigawanya. Ni tasa. Andikeni."

Watoto wakaandika: 30,031 ni namba tasa. Na mimi nikaandika kwenye andalio langu la somo. Sikuwa na shaka hata chembe. Niliona ni hesabu safi kuliko zote nilizowahi kuziona.

Akaanza kufunga mkoba, na hapo mvua ikashuka. Anayejua mvua ya kwetu na mabati ya shule zetu hahitaji kuelezwa. Hainyeshi, inapiga. Ukiongea na mtu aliye hatua mbili mbele yako anaona midomo tu. Mkaguzi alichungulia mlangoni, barabara ilikuwa imeshageuka kuwa maji mekundu, akarudi akakaa, akatoa fomu na kuendelea kuandika. Kipindi kilikuwa kimekwisha lakini hakuna wa kutoka.

Mwalimu mwenye akili angeliacha darasa likae kimya. Mimi nilikuwa na hasira: na mkaguzi, na watoto, na mama yangu na mapeasi yake, na zaidi na mimi mwenyewe. Nikasema kama nakwenda kuchuma chai, basi sitakwenda hadi watoto hawa waelewe maana ya baki. Nikaandika ubaoni, kwa kuwa kusema kusingesaidia, namba tasa zote kuanzia 17 hadi 173. Ni thelathini na nne. Nilipofika 173 nikasimama, maana 173 ukiizidisha kwa yenyewe unapata 29,929, na tasa inayofuata, 179, ukiizidisha kwa yenyewe umeshaivuka 30,031. Kama namba ina kigawo kikubwa kuliko hapo, lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo tungekuwa tumeshakutana naye njiani. Kila mwanafunzi nikampa namba yake moja, wanane waliozidi wakarudia za wenzao. Chini nikaandika: GAWANYA 30,031. IKIBAKI HATA MOJA, ANDIKA HAIGAWANYIKI.

Nilitaka waandike neno hilo mara arobaini na mbili, basi. Ilikuwa adhabu zaidi kuliko somo.

Wakainama kwenye madaftari. Nikapita katikati ya madawati na kalamu nyekundu. Kumi na saba: inabaki tisa, haigawanyiki. Nikaweka alama ya vema. Kumi na tisa: inabaki kumi na moja, haigawanyiki. Vema. Ishirini na tatu: kumi na sita. Nilianza kupumua. Walikuwa wameelewa, angalau hilo.

Yule binti mrefu akanifuata na daftari lake. Namba yake ilikuwa 59. Alikuwa ameandika jibu, 509, na chini yake hakuna kilichobaki, na pembeni: INAGAWANYIKA.

Damu ikanipanda kichwani. Nilifikiri bado anamwongezea mteja wake. Nilichora mkasi mkubwa mwekundu, ile alama ya kosa, juu ya kazi yake yote, kona hadi kona, hadi karatasi ikatoboka, nikamwonyesha kwa kidole arudi dawatini kwake. Akasema kitu, mvua ikakimeza. Akaenda.

Akarudi. Safari hii alikuwa ameifanya upya chini ya mkasi wangu, kwa mwandiko mdogo, na alikuwa analia, lakini jibu ni lilelile. Alininyooshea daftari na hakuurudisha mkono. Naweza kuuona mkono ule hadi leo.

Nikachukua kalamu kwa nia ya kumwonyesha kosa. Mia tano na tisa mara tisa: elfu nne mia tano themanini na moja. Mia tano na tisa mara hamsini: ishirini na tano elfu mia nne hamsini. Nikajumlisha. 30,031.

Nikajumlisha tena kuanzia chini. Nikagawanya. Nikakaa kwenye kona ya dawati la mtu. Mafungu hamsini na tisa, kila fungu mia tano na tisa, na nyongeza hakuna. Namba ile haikuwa tasa. Mkaguzi alikuwa amehakikisha kwamba zile sita za kwanza haziwezi kuigawanya, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Lakini kati ya kumi na tatu na mia moja sabini na tatu kulikuwa na msitu mzima ambao hakuingia.

Sasa niseme ukweli kuhusu nilichokiwaza, kwa sababu hakikuwa kitu kizuri. Niliwaza kunyamaza. Mkaguzi ni mtu mzima, ametoka wilayani, kalamu ya cheti changu iko mkononi mwake, na ametuambia namba hii ameitengeneza mwenyewe, ndiyo maana anaipenda. Kwetu hata mtu mzima akikosea njia humwambii amepotea, unamuuliza kama angependa kupitia kule kwingine. Laiti kungekuwa kimya ningemwendea, nikainama, nikasema, samahani Ndugu Mkaguzi, naomba unisaidie kukagua hesabu hii, labda mimi ndiye sioni vizuri. Lakini kwa mvua ile ningelazimika kumpigia kelele sikioni. Kilichobaki kilikuwa ubao, mbele ya watoto wote, kwa herufi za kuonekana toka nyuma.

Kama si ule mkasi, ningenyamaza. Najijua. Lakini nilikuwa nimeutoboa ukurasa wa mtoto aliyekuwa sahihi, mara ya kwanza na mara ya pili, na alikuwa bado amesimama mbele yangu anajifuta pua kwa mkono wa sweta. Nikachukua daftari lake, nikaufuta mkasi wangu kwa kuupigia mistari, nikaandika vema, nikatia sahihi. Kisha nikaenda ubaoni.

Nilifuta sehemu, nikaandika polepole: 59 × 509. Nikafanya hesabu yote chini yake, hatua kwa hatua, na mwisho nikaandika 30,031 na kuipigia mstari. Sikuandika neno lolote. Nikaweka chaki chini, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, nikaikutanisha mikono kama mtu anayesubiri baraka ya mwisho kanisani.

Watoto waliona kwanza. Vichwa vikainuka kimoja kimoja, halafu vyote vikageuka kumtazama mkaguzi. Naye akaona kwamba anatazamwa. Aliinua macho kwenye fomu, akasoma ubao, akakunja uso. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaja mbele.

Alichukua chaki na kuifanya hesabu upya pembeni ya yangu. Alipoipata, akaifuta kwa kiganja, akaifanya tena kwa kugawanya. Halafu mara ya tatu. Mvua ilikuwa inapungua, na nikaanza kusikia chaki yake ikikwaruza. Mimi nilikuwa nahesabu kucha zangu.

"Nani aliipata?" akauliza hatimaye.

Nilimwonyesha binti kwa kidole. Akamwendea, akaomba daftari, akautazama ukurasa ule uliotoboka, mkasi na yote, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umegawanya vizuri," akamwambia. "Hamsini na tisa. Mimi sikufika huko."

Akarudi kwenye dawati la nyuma, akaniita. Watoto nikawaruhusu watoke, wakatoka kwa kelele ya watu waliofungiwa. Nikasimama mbele yake. Alikuwa ameshika fomu yangu, na bila kuificha aliigeuza upande wangu nisome. Iliandikwa: Zana zinafaa, lakini wanafunzi hawajaelewa baki. Arudie mafunzo. Arudie, na mimi sikuwa na mara ya tatu.

Alikata mstari ule kwa rula. Alikata taratibu, wino mweusi, akaandika juu yake: Wanafunzi wanagawanya hadi mwisho. Amefaulu. Akaweka sahihi pembeni ya palipokatwa, kisha akanipa kalamu.

"Fomu ikikatwa lazima watie sahihi wawili," akasema. "Mkaguzi na mwalimu. Tia hapo, mwalimu."

Nilitia. Niliishusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu mara ya kwanza nilipofelishwa. Nikajisikia mwepesi kiasi cha kucheka mbele ya mtu mzima bila sababu. Nikasema asante mara nyingi mno. Nilimwomba radhi kwa kuandika ubaoni. Akasema mvua ndiyo iliyoandika ubaoni, tuache.

Mwalimu mkuu alikuwa anakuja uani na mwavuli kumkaribisha chai na viazi ofisini. Mkaguzi alikuwa amekaa bado, ameushika mkoba magotini, haufungui wala haufungi.

"Namba hii nimeitumia kote," akasema, si kwangu hasa. "Juma lililopita niliitumia shule moja ya Shume. Kuna mwalimu mmoja kijana kule, anarudia kama wewe. Nikamuuliza mbele ya darasa, ni tasa au siyo? Akasema, mzee, siwezi kusema, sijamaliza kugawanya. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akasema tena, kwa adabu kabisa, hajamaliza kugawanya."

"Ukaandikaje?"

"Nikaandika hafai kufundisha hesabu." Akafungua mkoba, akavuta fomu moja katikati ya nyingine, akaitazama. "Nilikuwa nazipeleka Lushoto mchana huu."

Nilimtazama mtu yule mzima akiiweka fomu ile juu ya zote, peke yake, na kuufunga mkoba. Chai alimwambia mwalimu mkuu atakunywa siku nyingine. Mwalimu mkuu akamtahadharisha kwamba barabara ya Shume baada ya mvua hii haipitiki, pikipiki itazama hadi magurudumu yasionekane, heri ateremke Lushoto aje kesho. Mkaguzi akasema atasukuma.

Aliiwasha kwa teke la tatu. Kwenye njia panda ya shule, kushuka ni Lushoto na kupanda ni Shume, akapanda. Pale kwenye kona tope lilimshika, akashuka, akaanza kuisukuma na koti lake refu likiburuzika. Cheti changu kilikuwa salama tangu robo saa iliyopita na sikuwa nimetoa chozi hata moja. Nilipoona ameivusha pikipiki kwenye kona na kuipanda tena, ndipo nilipokaa kwenye ngazi ya darasa nikamlilia mwalimu nisiyemjua.